Utenzi wa marehemu baba umekatika katikati ya ubeti: umalizwe au uachwe?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Tanga. Tangu ujana alikuwa karani wa mashamba ya mkonge, na kwa miaka tisa ya mwisho alitunga utenzi wa maisha ya manamba, wale vibarua wa mashamba hayo, katika madaftari manne. Alipopatwa na kiharusi mkono wa kulia ulilala, ikawa yeye anatamka, mimi naandika. Beti 31 za mwisho ziko kwa mwandiko wangu. Ubeti wa 418 una vipande vitatu tu. Kaka zangu wamempata mshairi anayesema ataumaliza kwa wiki mbili, kisha kitabu kitoke kwa jina la baba. Moyo wangu unasita, lakini nachelea pia madaftari kuozea kabatini. Je, ni halali? Na je, ni haki?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Ubeti ulionitumia nimeunakili kwenye karatasi nikauweka mezani tangu siku ile:

Jua likitoka pwani
Tuko kati ya majani
Na vipande mkononi
. . . . . . . .

Kipande cha nne hakipo. Bahari ya utenzi wote, yaani kina cha mwisho cha kila ubeti, umeniambia ni "ra". Mshairi anayeijua kazi yake atakijaza kabla kahawa haijapoa. Nimejaribu mwenyewe, nikapata vitatu kwa dakika chache: "Twasubiri mishahara." "Tumechoka na hasira." "Tukimuomba Ghafura." Vyote vina mizani nane, vyote vina kina chake. Sasa visome kimoja kimoja ukiuliza ni nani anayesema. Wa kwanza ni mtu wa hesabu, anazihesabu siku zilizobaki kwenye kipande, ile kadi ya kazi ya siku 30 ambayo manamba hakulipwa mpaka ijae. Wa pili yuko njiani kwenda kwenye mgomo. Wa tatu amenyoosha mikono kwa Mola wake. Baba yako alikuwa yupi kati ya hao asubuhi aliyotamka vipande vile vitatu? Wewe uliyekaa kando ya kitanda hukumsikia akimaliza. Mimi niliye mbali nitajuaje, na huyo wa wiki mbili atajuaje?

Kwa hiyo jibu langu kuhusu ubeti wa 418 ni fupi: uchapwe hivyo hivyo, vipande vitatu na nafasi tupu. Kuhusu utenzi kupata mwisho, siukatai. Ila mshono uonekane. Msomaji ajue mkono wa baba ulikoma wapi na mkono wa mwingine ulianzia wapi, bila kumuuliza mtu.

Nakuambia hili kwa uchungu kwa sababu niliwahi kukosea. Nikiwa mhariri kijana nililetewa muswada wa mshairi aliyekuwa amefariki. Mchwa walikuwa wamekula pembe za karatasi, vipande kama kumi na vitano havisomeki. Nikavijaza. Nilijiona ninamsaidia, na mwenye nyumba ya uchapaji alitaka kitabu safi kisicho na mabano. Hatukuweka alama yoyote. Miaka mingi baadaye mwanafunzi wa chuo akaniletea tasnifu yake, na humo ametumia ubeti mmoja kuonyesha jinsi lahaja ya kwao marehemu ilivyoingia katika ushairi wake. Neno alilolishikilia lilikuwa langu. Nilimwambia siku ile ile. Akaniuliza mengine ni yapi, nikafungua kitabu, na katika vile kumi na vitano niliweza kuvitambua sita tu. Tisa vimo humo hadi leo, na mimi mwenyewe sivijui. Karatasi za asili zilishatupwa baada ya kupiga chapa.

Utenzi una hatari yake ya pekee. Unajua desturi: mtunzi huanza kwa Bismillahi, akaomba wino na karatasi, akasimulia, na mwishoni kabisa ndipo anapojitaja jina, akasema beti zake ni ngapi, akaandika mwaka, akaomba msamaha kwa makosa na dua kwa msomaji. Ile tamati ndiyo saini yake. Aliyefariki njiani hakuifikia. Kwa hiyo huyo mshairi mliyempata, akiumaliza utenzi kama mlivyokubaliana, itambidi aandike ubeti wa kusema "mtunzi ni mimi fulani", na fulani huyo ni baba yenu, kwa kalamu isiyo ya baba yenu, kwa tarehe ambayo baba yenu yuko kaburini.

Jambo hilo lilishatokea, na karatasi yake ipo. Mtunzi wa muziki Mozart alifariki Vienna tarehe 5 Desemba 1791 akiwa na miaka 35, akaacha misa ya wafu haijakamilika. Iliagizwa kwa siri na kabaila mmoja, Count Franz von Walsegg, aliyefiwa na mkewe na aliyetaka kuipiga kama kazi yake mwenyewe. Sehemu ya malipo ilikuwa imetangulizwa. Mjane, Constanze, alibaki na watoto wawili, mmoja bado mchanga, na bila kazi kukamilika fedha iliyobaki isingetoka. Usimhukumu haraka. Alimpa kwanza Joseph Eybler, mwanamuziki mzuri, ambaye alijazia ala katika baadhi ya sehemu kisha akashindwa kuendelea, akarudisha. Ndipo kazi ikafika kwa Franz Xaver Süssmayr, aliyekuwa karibu na Mozart katika miezi ile ya mwisho. Mozart alikuwa amekamilisha kabisa sehemu ya ufunguzi peke yake. Sehemu nyingine nyingi aliacha sauti za waimbaji, besi, na dondoo za ala hapa na pale. Ile iitwayo Lacrimosa inakatika baada ya vipimo 8 vya muziki. Süssmayr akajaza, akaunganisha, akatunga sehemu kadhaa za mwisho alizosema ni zake tupu.

Mwandiko wake ulifanana na wa Mozart. Ukurasa wa kwanza wa nakala aliyopelekewa Walsegg una saini ya Mozart pamoja na tarakimu 792, yaani 1792. Mozart alikuwa ameshazikwa. Wataalamu wanaihesabu saini hiyo kuwa ya mkono wa Süssmayr, na mimi kila nikiifikiria naona jinsi mtu mwema anavyoweza kuingia katika uongo kwa sababu tu kazi ilibidi ionekane nzima. Mwaka 1800 ndipo alipowaandikia wachapishaji Breitkopf & Härtel akieleza kilicho chake. Miaka mitatu baadaye naye akafariki. Zaidi ya karne mbili sasa watu wanagombana: je, alikuwa na vikaratasi vya Mozart vilivyopotea? Je, wazo hili ni la nani? Lau angeandika alama pambizoni wakati ule ule anaandika, ugomvi wote usingekuwepo. Na muziki usingepungua uzuri hata chembe.

Sasa beti zako 31. Umeniuliza kwa aibu kidogo, katika barua ya pili, kama hizo pia zihesabiwe za baba. Za baba, mwanangu. Mwandiko si utunzi. Milton, mshairi Mwingereza, alikuwa kipofu alipotunga utenzi wake mkubwa wa kupotea kwa Pepo, akawatamkia waandishi. Na yuko Delius, mtunzi wa muziki Mwingereza aliyeishi Grez-sur-Loing huko Ufaransa, ambaye ugonjwa ulimpofusha na kumpoozesha huku kazi kadhaa zikiwa zimeishia njiani. Mwaka 1928 kijana wa miaka 22, Eric Fenby, alijitolea kwenda kumwandikia. Siku ya kwanza mzee alipandisha sauti ya kuvuta, isiyo na lahani yoyote, kijana asijue ni noti gani anayoitaka. Alitoka pale amekata tamaa. Polepole wakaijenga njia yao: mzee anataja ala, noti, urefu wake, kijana anaandika, anaipiga kwenye piano, mzee anakubali au anakataa. Waliendelea hivyo mpaka Delius alipofariki mwaka 1934, na Fenby akaandika kitabu kizima kueleza walivyofanya kazi. Hapo kuna somo kwako. Wewe nawe andika, sasa hivi kabla hujasahau: baba alitamka vipi? Neno kwa neno au kipande kizima? Ulimsomea akasahihisha? Kuna mahali hukusikia vizuri ukakisia? Umenitajia kwamba baada ya kiharusi herufi "r" na "l" zilimchanganyikia ulimini. Basi kila kina cha "ra" katika beti hizo 31 kina swali, na wewe peke yako duniani ndiye unayeweza kulijibu. Kurasa mbili tatu za maelezo hayo ziingie mwanzoni mwa kitabu. Msomaji wa kweli atazisoma kabla ya utenzi.

Kuhusu kuchapa kitu kilichokatika, msione haya. Virgil, mshairi wa Roma ya kale, aliufanyia kazi utenzi wa Aeneas miaka 11, akafariki Brindisi mwaka 19 K.K. akitaka uchomwe moto kwa sababu haujakaa sawa. Kaisari Augusto akakataza usichomwe, na wale rafiki wawili waliokabidhiwa kuutoa, Varius na Tucca, hawakuijaza ile mistari iliyokatika nusu. Iko zaidi ya 50. Watoto wa shule wamekuwa wakiisoma nusu nusu kwa miaka elfu mbili. (Hapa niulize: mzee aliacha neno lolote juu ya madaftari? Kama alisema yachomwe, hiyo ni barua nyingine na tutazungumza upya. Kama alikuwa akikuhimiza uandike mpaka mwisho, ameshajibu.)

Mfano ninaowapa zaidi watu wenye msiba ni wa mwandishi Mfaransa Albert Camus. Gari lilimwua tarehe 4 Januari 1960 karibu na kijiji cha Villeblevin. Katika mkoba wake mlikuwa na kurasa 144 za riwaya, zimeandikwa mbio, mahali pengine hazina nukta wala mkato, maneno mengine hayasomeki. Mjane wake, Francine, alizipiga taipu, kisha yeye na marafiki wakaona wakati haufai, wakaziweka. Binti, Catherine, alikuwa na miaka 14 siku ile ya ajali. Ni yeye aliyekuja kuitoa mwaka 1994, miaka 34 baadaye. Alitia vituo ili isomeke. Neno lisilosomeka akaliacha wazi kwenye mabano, neno la kukisia akalitilia alama, maneno ya pambizoni akayashusha chini ya ukurasa, na vikaratasi vilivyokuwa vimechomekwa ndani ya muswada akavipanga mwisho wa kitabu. Baadhi ya wahusika hubadilika majina humo njiani, kwa sababu baba hakupata nafasi ya kusahihisha, na binti hakumsahihishia. Ukikisoma unamwona mtu mezani, anafuta, anajikumbusha, "rudi hapa". Kwangu mimi hicho ni karibu zaidi na mwandishi kuliko kitabu kilichopigwa pasi. Nakuomba ufanye kama binti yule, na huhitaji kusubiri miaka 34.

Basi mshairi wa kaka zako afukuzwe? La. Sisi tuna njia yetu ya heshima ya kuingia katika utungo wa mtu mwingine, na ni ya zamani. Ni takhmisi. Mtunzi anachukua beti za aliyemtangulia, anaziacha zilivyo, kisha anatanguliza mistari yake mitatu juu ya miwili ya mwenyewe, ubeti unakuwa wa mistari mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mwenye Al-Inkishafi, ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa takhmisi ya Liyongo: maneno ya Liyongo yamo, ya Sayyid yamo, na anayezijua kanuni anaona wazi lipi la nani. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Jengeni juu ya adabu hiyo. Utenzi wa baba uishe pale ulipoishia. Ukurasa ufuatao uwe mtupu. Kisha, kwa kichwa chake na jina lake, mshairi huyo atunge hitima, yaani hitimisho: aseme yeye ni nani, amekuta madaftari manne, mwenye utenzi amefariki kwenye ubeti wa 418, na yeye anaendeleza kwa ruhusa ya watoto. Atumie bahari ile ile ya "ra" akitaka, hiyo ni heshima. Tamati iwe yake, kwa jina lake, na jina la baba alitaje kwa dua.

Kama anaumia kwa kutofichwa, huyo hakuwa mtu wenu.

Kuna opera, mchezo wa kuimbwa, ya Mwitaliano Puccini, Turandot, aliyoiacha katika hali hii hii alipofariki Brussels Novemba 1924. Franco Alfano akaitungia mwisho kutokana na madokezo yaliyobaki. Usiku wa kwanza, Milan, 25 Aprili 1926, Toscanini aliongoza mpaka baada ya kifo cha mtumwa Liù, akaweka kijiti chini, akawageukia watu akawaambia kwamba hapa ndipo mtunzi alipoishia. Pazia likashuka. Usiku wa pili ukapigwa na mwisho wa Alfano. Naupenda utaratibu ule: kwanza kimya chake mwenyewe, halafu mkono wa mwingine. Na kwa kuwa mshono unajulikana, Luciano Berio aliweza mwaka 2002 kuleta mwisho mwingine kabisa bila kumgusa Puccini. Mjukuu wa baba yenu naye huenda siku moja akatunga hitima bora kuliko ya huyu wa leo. Mwachieni mlango.

Uhalali. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hapa Tanzania, haki za kazi ya fasihi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na huingia katika mirathi kama shamba au nyumba. Kwa hiyo kaka hawawezi kusaini mkataba wakiwa peke yao, na wewe huwezi kukataa ukiwa peke yako. Anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, kwa niaba ya warithi wote. Kama hamjateua, teueni kabla ya kumtafuta mchapishaji. Mkataba na mshairi uandikwe: ameandika beti zipi, analipwa nini, jina lake linakaa wapi. Bila maandishi, anaweza kudai kwamba beti alizotunga ni mali yake, na kesho akataka kuwazuia kuchapa kitabu chenu wenyewe. Kazi isajilini katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania mkionyesha sehemu mbili. Mchapishaji akisema "jina moja linauza zaidi", mtafuteni mwingine.

Na zungumzeni ninyi ndugu mkiwa mmekaa pamoja, siyo kwenye simu. Stieg Larsson, mwandishi wa riwaya wa Sweden, alifariki ghafla Novemba 2004 bila wasia halali. Eva Gabrielsson, aliyeishi naye miaka 32, hakuwa amefunga naye ndoa, hivyo sheria ya kwao ikawapa baba na kaka wa marehemu kila kitu. Ilibaki kompyuta yenye sehemu ya riwaya ya nne. Riwaya hiyo haijatoka hadi leo. Waliokuwa wakimlilia mtu mmoja walifika mahali hawasemezani.

Mwisho kabisa, madaftari yenyewe, maana umeniambia yako kabatini na nyumba iko karibu na bahari. Anza kesho. Piga picha kila ukurasa mchana dirishani, bila mwako wa kamera, hata kurasa tupu, hata jalada, hata nyuma ya risiti aliyoandikia kina. Usinyooshe, usibandike selotepu, usitie lamineti. Namba za kurasa ziandike kwa penseli laini nyuma, pembeni, bila kugandamiza. Usichomoe karatasi iliyochomekwa kabla hujaandika ilikuwa kati ya ukurasa upi na upi. Yaweke ndani ya sanduku la kadibodi kavu, juu ya rafu isiyogusa ukuta, mbali na mchwa. Nakala za picha ziwe sehemu tatu tofauti. Baadaye fikirieni kuyakabidhi mahali penye watunzaji. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili iliyokusanywa kwa miaka mingi. Na madaftari ya asili yasizungushwe kwenye maonyesho. Muswada wa ile misa ya Mozart ulipelekwa Brussels kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1958, mtu akang'oa pembe ya ukurasa wa pili kutoka mwisho ilipokuwa na maneno machache ya mkono wake, pengine ya mwisho aliyoandika. Haijaonekana tena.

Hapo kwenu Tanga mnao mfano mzuri. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958, zilitunzwa nyumbani, na zikachapwa kitabu mwaka 2002. Miaka 40 baada ya kifo tunasoma wasiwasi wake wa fedha na habari za watoto kwa sababu ndugu mmoja hakutupa karatasi.

Nina ombi moja. Katika picha ya daftari la nne, chini ya kipande "Na vipande mkononi", kuna alama ndogo ya wino kama mkia wa herufi iliyoanza. Mwandiko ni wako. Jaribu kukumbuka kama alikuwa ameshafungua mdomo ukaanza kuandika, na ilikuwa herufi gani. Piga picha ya mahali hapo kwa karibu, taa ikiwa upande, kisha unitumie.